Mashine ya Halua na Kundi la Ufundi wa Juu

Siku yangu ya kwanza kazini, muda si mrefu baada ya Mapinduzi, Mkuu wa Kitengo alinionesha kabati la mafaili ya makampuni akaniambia, "Bi Rukia, serikali inataka kujua lipi la kuchukua na lipi la kuacha. Yapange." Vipi, hakusema. Mabosi wa siku zile ndivyo walivyokuwa.

Tulikuwa na makundi mawili: biashara ya kawaida, na ufundi wa juu, yaani kampuni inayoendeshwa kwa mitambo na utaalamu wa nadra. La ufundi wa juu lilichukuliwa zima zima, mwenyewe akabaki mikono mitupu. Dalili yetu ilikuwa hataza, ile haki anayopewa mvumbuzi ili mwengine asimuigie kitu chake. "Penye hataza pana ufundi," Mkuu akisema, nami nagonga muhuri.

Mpaka likaja faili la Mzee Hamdu, mpika halua wa Malindi, hapa hapa Unguja mjini. Mpika halua, na ana hataza ya mashine ya kukorogea! Halua yake nimeila tangu utotoni. Nikigonga muhuri, duka ndo limekwisha, na yule mzee na wanawe watakula nini? Roho iliniuma kwelikweli. Nikamuomba Mkuu twende tukaione hiyo mashine.

"Shikamoo, mzee. Mashine iko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Si ndo hiyo uliyoiegemea!"

Juu yake yamepangwa masinia ya halua, yanapoa. "Nshaiacha zamani," akasema mzee. "Kukoroga inakoroga, lakini haijui lini wanga umeshika. Mkono ndo unaojua." Wanawe wawili walikuwa kwenye sufuria la shaba na miiko yao, jasho linawatiririka.

Mzee akamsogezea Mkuu sahani. Mkuu akaisukuma kando. "Sionji mpaka nshaandika." Akaandika pale pale: biashara ya kawaida. Kisha akaivuta sahani, akaimaliza peke yake, akaulizia kahawa.

Tokea hapo tukawa hatugongi muhuri kabla ya kwenda kutazama. Hataza inakwambia mtu alibuni nini. Leo anafanya nini, haikwambii.

Sasa nimestaafu. Vijana wa chuo cha Tunguu hunijia na kompyuta zao, wanachunguza makampuni yanayonunuliwa, wanahesabu hataza wapate kujua lipi ni la teknolojia ya juu. Wana bidii, nawapenda. Nawakatia halua, nawauliza, "Mmekwenda kuyaona?"

Wanaendelea kutafuna. Halua yenyewe nimeinunua asubuhi, Malindi, duka lile lile. Mwiko siku hizi anao mjukuu wa Mzee Hamdu.