Mwani ndani ya sombe

Volkano ilipotema moto, tulikimbilia mji wa Sake kwa miguu. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, hata watu. Njiani nikahesabu: yaya hayupo. Nikarudia: hayupo. Dada yangu huyo mkubwa nilimkuta nyuma kabisa, ameketi juu ya bidoni, dumu lake la mawese, magoti yamevimba.

"Muniache. Lava itanikuta nimekaa kama mama chefu, bibi wa mkubwa."

Tulimvuta hadi tukafika. Moto ulipopoa tukarudi nyumbani, lakini mji wetu ni leo mlima, kesho waasi. Tungekimbia tena, na yaya kwa unene wake asingefika.

Kukonda alikukataa. "Watu watasema bwana yangu hanilishi."

Ndipo mjomba wetu wa Unguja akatutumia mfuko wa mwani mkavu, majani ya baharini, akisema eti yanasaidia wanene. Nikampeleka yaya kwa muuguzi wa mtaani. Kwanza akampapasa shingo, maana mwani unaweza kumsumbua mwenye tezi. Kisha akasema:

"Wachunguzi wanaona kuna vitu ndani yake vinaweza kuzuia mafuta kidogo yasiingie mwilini. Bado hawajamaliza. Kula kidogo, mama, ila utembee."

Yaya alisikia "kula". Jioni nilimkuta ametwanga mwani pamoja na sombe, majani ya muhogo, akamimina mawese mpaka chungu kinang'aa.

"Yaya! Mwani uzuie mafuta, na weye unaupiganisha na bidoni nzima?"

"Si una nguvu? Acha ufanye kazi."

Hapo nikaingia kwenye kazi ninayoiweza: kuvutana bei. Nikataja kijiko kimoja cha mawese; yeye akataja pawa tatu. Nikageuka kuondoka, kama sokoni. Akaniita. Tukapatana: upawa mmoja, na sokoni kila asubuhi kwa miguu, si kwa pikipiki ya moto-taksi.

Sombe ile ilinuka maji ya kuoshea samaki. Akaila. Mwani ukaisha kabla hatujajua nani aliyefanya kazi: mwani, upawa au miguu. Sibishani na yeyote kati yao. Magoti yalipungua uvimbe.

Kisha waasi wakashuka kutoka Kibumba, tukakimbia tena. Barabarani nikahesabu: yaya hayupo. Nikarudia: hayupo. Nikageuka kumfuata nyuma.

"Weye! Unahesabu nini huko? Tembea!"

Sauti ilitoka mbele. Yaya alikuwa kwenye kona, akitungoja, na bidoni ya mawese kichwani.