Kifungo cha Maziwa

Mtaa mzima ulimwita Fundi Sasahivi, maana ukiulizia nguo yako atakujibu "sasa hivi" huku miguu yake imeshaelekea kwingine. Kutulia alikujua kwenye cherehani tu, na wiki ile hata cherehani kilimshinda.

Dada yake mkubwa alikuwa anakuja kuchukua koti la marehemu mama yao. Tangu siku ya mazishi, walipokwaruzana juu ya vitu vya mama, dada huyo hakulala tena kwa mdogo wake. Akipita ni kusimama mlangoni, salamu mbili, huyo kaondoka. Walikubaliana jambo moja tu: fundi alitunze koti, asiliguse. Naye, jamani, akaligusa. Mteja alivipenda vifungo vyake vya rangi ya siagi, fundi akakata kimoja aende nacho dukani kutafuta vya kufanana. Ndivyo mafundi wafanyavyo. Kikadondoka njiani. Alirudi akiinamia barabara kama kuku anayedonoa, asikione.

"Tutengeneze kingine kwa maziwa," mpangaji wake wa chumba cha uani, mwalimu wa sayansi, akamwambia. "Maziwa yanatoa plastiki. Zamani watu walivaa vifungo vyake."

"Mwalimu, mwenzio nina msiba, wewe unaleta masihara."

Mwalimu hakuwa na masihara. Walipasha maziwa mpaka yakafuka mvuke, hawakuyaacha yachemke, wakamimina siki na kukoroga. Yakakatika: mabonge huku, maji huku. Wakachuja kwa kitambaa, wakakamua, wakakanda donge mpaka likawa laini. Fundi akafinyanga kifungo, akakitoboa matundu manne kwa sindano kingali kibichi. Rangi ikatoka ile ile, akacheka peke yake.

"Sasa kiache kivulini, siku tatu hivi," mwalimu akasema. "Usikiguse."

Usikiguse! Mwambie mbuzi asile majani. Alikigeuza, akakibonyeza, akakipuliza. Akafagia uwanja aliokwisha kuufagia, akarudi kukibonyeza tena. Roho haikumtulia hata kidogo, kwa kuwa alijua dada akiliona pengo lile, undugu wao umekwisha. Siku ya mgeni ikafika na kifungo bado kina unyevu. Basi akakifanyia alivyozoea kuifanyia kila nguo mbichi ambayo mwenyewe yuko njiani: akakifunika kitambaa, akakikandamiza kwa pasi ya moto.

Kikapasuka vipande vipande, na chumba kikajaa harufu ya maziwa yaliyoungua.

"Unaunguza nini humo?" Dada alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, dada. Karibu."

"Marahaba. Nimekuuliza, unaunguza nini?"

Fundi alitafuta uongo akaukosa. Akaeleza yote kwa pumzi moja, mteja, duka, barabara, maziwa, pasi, huku machozi yakimtoka na vile vipande vikiwa kiganjani. Dada aliingia ndani, akalitungua koti, akavipapasa vifungo vinne vilivyosalia.

"Nipe mkasi."

Fundi akampa. Dada akavikata vyote, kimoja kimoja, bila haraka. Viwili akatia kwenye pochi yake, viwili akamwekea mdogo wake mezani.

"Hivyo vyako. Koti nitalivaa mimi, lakini kifungo kimoja cha peke yake kitaonekana kiraka. Tengeneza vitano, vilingane."

"Dada, vinakauka kwa siku tatu. Na wewe huwa unapita tu."

Dada akainama, akavua viatu, akavisogeza ukutani.

"Basi nitandikie," akasema. "Na hiyo pasi ilete huku, nitakaa nayo mimi."