Udi wa Mama na Chatu wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliponiachia chatu wake aliniambia nisiwe na wasiwasi, huyo ni mnyama asiye na usumbufu. Nimeishi na watu wa kila aina katika mji huu, wengine wakikaanga samaki wenzao wamelala, wengine wakitumia shampuu yangu na kuijaza maji nisijue, na sijapata kumuona mwenye usumbufu kama yule.

Alikuwa chatu wa miti, wa kijani, mwenye vidoa vyeupe mgongoni. Hakuwa mkubwa. Ungemnyoosha labda angenifikia urefu, lakini hakuwa mtu wa kujinyoosha. Siku nzima alikaa juu ya ufito ndani ya sanduku lake la kioo, amejikunja pande mbili kama kamba iliyoanikwa, kichwa kimelala katikati, macho wazi, hana habari na mtu. Mdogo wangu alimpata kwa meneja wake wa ghala kule Dubai Investments Park. Meneja alikuwa akihama nchi, akamwachia nyoka pamoja na karatasi zake za halali. Tangu siku hiyo chumba cha mdogo wangu, katika flati yetu ya Silicon Oasis, kikawa na taa ya joto, vipimo viwili na harufu ya msitu uliolowa. Katika friza, nyuma ya sambusa zangu, kukawa na mfuko wa panya waliogandishwa.

Kisha ghala likapunguza watu na yeye akawa miongoni mwao. Akarudi Unguja kwa mama kungojea viza nyingine. Kwenye uwanja wa ndege alinishika mkono akaniambia, "Dada, mtunze. Nikirudi nimkute."

Neno hilo nililishikilia kwa mikono miwili. Nilitaka arudi. Sikuwa na ndugu mwingine hapa. Nilitoka asubuhi kwenda kliniki ya meno Oud Metha, ambako kazi yangu ni kupokea wagonjwa na kuchekea kila mtu hata anayenitukana, na jioni nilirudi kwenye nyumba ambayo hakuna wa kuniuliza nimekula nini. Nilijiambia kuwa mtu hawezi kukiacha kitu anachokipenda kiasi kile. Maadamu nyoka yu hai, mdogo wangu atarudi.

Kwa hiyo nikawa yaya wa nyoka. Nilimnyunyizia maji kwa chupa asubuhi na jioni, na katikati nilingoja pakauke, maana mdogo wangu alisema pakikaa majimaji muda wote anaoza ngozi, na pakikaa pakavu ngozi inamgandia wakati wa kujivua gamba. Kiyoyozi cha chumba kile sikukiwasha kwa sababu kinakausha hewa. Kiangazi cha Dubai, nikiingia mle nilitoka nimelowa mgongo mzima. Nilipoona unyevu unashuka bado, niliziba pembe za dirisha kwa mkanda mpana wa kubandikia makatoni. Nilijiona fundi.

Tena kulikuwa na mama. Mama hakujua kama kuna nyoka. Tulikubaliana tangu mwanzo kutomwambia, kwa kuwa angeanza kufunga na kuswali sunna usiku kucha akidhani tumerogwa. Alichojua ni kwamba mwanawe wa kiume yuko nyumbani hana kazi, na kwamba chumba chake huku kimebaki kitupu. Mama ana imani zake. Kwake yeye chumba kikipoteza harufu ya mwenyewe, riziki ya mwenyewe inahama. Akanitumia udi kwa msafiri, kopo zima, udi wa vipande alioupika mwenyewe kwa sukari na marashi.

"Kila Alkhamisi baada ya Magharibi," aliniambia kwenye simu. "Ufunge mlango, ufukize chumba cha mwenzio, usome Yasini, umuombee arudi. Usifungue mpaka moshi ukolee. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu, mama."

Nami ni mtoto wa mama yangu. Nilifanya kama alivyosema. Kila Alkhamisi niliweka chetezo cha umeme kwenye meza iliyokuwa karibu na sanduku la kioo, nikafunga mlango, nikasoma. Chumba kikanukia kama siku ya arusi. Mama alipiga simu baada ya Isha kuuliza, "Ushafukiza?" nami nikajibu, "Nshafukiza." Nililala na moyo mweupe.

Nyoka akashuka kwenye ufito.

Mwanzoni niliona ni sawa tu, labda amechoka kukaa juu, mimi mwenyewe ningechoka. Lakini chatu wa miti hakai chini bila sababu. Alilala kwenye sakafu ya sanduku, amejinyoosha ovyo, kidevu juu ya bakuli la maji. Panya niliyemyeyushia na kumpa kwa koleo hakumtazama. Nikampigia mdogo wangu. Akanitumia ujumbe wa sauti mrefu: anataka kujivua gamba, ongeza maji. Nikaongeza maji. Gamba halikutoka. Ujumbe wa pili: labda baridi, ongeza joto la taa. Nikainua joto. Ujumbe wa tatu: labda joto limezidi, punguza. Nilisikiliza nikiwa nimesimama mle chumbani, jasho linanidondoka kwenye miwani, na kwa mara ya kwanza nilitamani kuirusha simu ukutani.

"Dada, wewe mtazame tu," alisema mwisho. "Ukimtazama vizuri atakwambia anataka nini."

Nilimtazama mpaka macho yakaniuma. Nyoka hana uso wa hasira wala wa huzuni. Paka akiumwa unajua, kuku akiumwa unajua. Huyu uso wake ni uleule, akishiba, akiwa na njaa, akifa. Nilijaribu kila nilichoambiwa na bado nilikuwa gizani, na hakuna kitu kinachonichosha kama kufanya kila kitu sawasawa na kitu kisikae sawa.

Halafu akaanza kuinua kichwa. Aliegemeza shingo kwenye kioo, akaelekeza pua juu, kinywa wazi kidogo, akakaa hivyo saa nzima. Nilimsimulia mlinzi wa jengo letu, kijana wa Uganda mpole sana, ambaye kwa siri alikuwa akimjua nyoka tangu siku alipoingizwa.

"Dada, huyo anaomba," akasema. "Anamuomba Mungu boss wake arudi."

Nilimcheka, lakini nilipopanda juu maneno yale yalinikaa. Nilisimama mbele ya kioo nikaona kweli anafanana na mtu anayeomba dua. Alkhamisi ile nikaongeza udi. Nilitia vipande vikubwa, nikasoma kwa sauti, nikalia kidogo pia. Tulikuwa wawili tunaomba jambo moja, hivyo ndivyo nilivyoona.

Kesho yake alikuwa na povu mdomoni.

Mdogo wangu alikuwa ameniagiza nisimbandue nyoka kwenye ufito, nikimhamisha nitoe ufito pamoja naye. Ushauri mzuri kwa nyoka aliye kwenye ufito. Wangu alikuwa chini, kwa hiyo nilimshika kwa mikono yangu, mimi ambaye nilikuwa sijamgusa hata kwa kidole. Nilidhani atakuwa na utelezi. Alikuwa mkavu, mzito, na kila alipovuta pumzi nilihisi kitu kinakwaruza ndani ya mbavu zake, hadi kwenye kiganja changu. Nilimtia kwenye foronya, foronya kwenye ndoo ya plastiki yenye matundu, nikashuka naye kutafuta teksi.

Daktari wa wanyama alikuwa mama wa Kisudani, mtu mzima, mikono yake taratibu. Alimfungua nyoka kinywa, ute ukavutika kama bamia. Akaniuliza joto, nikamtajia. Akaniuliza unyevu, nikamtajia. Chakula, maji, usafi, yote niliyajibu bila kusita, na nakiri nilikuwa nangoja anisifu.

"Hewa je?" akauliza. "Madirisha?"

"Nimeyaziba na mkanda, unyevu usitoke."

Aliacha kuandika. Kisha akaniinamia, akashika mkono wa abaya yangu, akaunusa.

"Bakhoor," akasema, udi kwa Kiarabu. "Ya leo?"

"Ya jana. Nafukiza kila Alkhamisi."

"Chumba hichohicho?"

Nikamwambia ndiyo. Akaketi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema hata yeye nyumbani kwake hufukiza, nguo, nywele, mapazia, ndiyo maana pua yake ilishtuka mapema, mwenzake wa Kizungu asingejua aulize nini. Alisema nyoka hana namna ya kukohoa kama sisi. Kinachoingia kifuani kinakaa, kinaoza, kinaleta maradhi. Anainua kichwa na kufungua kinywa kwa sababu anatafuta pa kupumulia.

"Sasa khalas," akasema. "Moshi khalas. Sindano atapata, lakini moshi ukiendelea, sindano ni bure."

Nilikaa kwenye teksi na ndoo mapajani, hasira imenipanda na haina pa kwenda. Nilimkasirikia mama na kopo lake. Nilimkasirikia nyoka kwa kutokuwa na sauti. Zaidi nilimkasirikia mdogo wangu. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa, kila nikiwasha udi sebuleni, akiondoka bila neno, anafunga mlango wake na kulaza taulo chini yake. Nilidhani ni jeuri, anajifanya harufu ya kwetu imemshinda. Kumbe alijua. Ujumbe wote ule wa sauti, taa, maji, gamba, ufito, na jambo moja alilokuwa akilifanya kila siku hakuona haja ya kulitamka. Alinidai nimtazame nyoka vizuri, naye alishindwa kuniambia neno moja.

Niliubandua mkanda kwa kucha. Nilifua mapazia. Asubuhi kabla jua halijakali nilifungua dirisha, nikafunga tena joto lilipoanza kuingia, nikanyunyiza maji upya. Chetezo nilikificha juu ya kabati la jikoni. Kila baada ya siku chache nilimpeleka kwa sindano, mlinzi akinifungulia mlango wa chini na kusogea mbali kwa heshima. Na kila Alkhamisi baada ya Isha simu ililia.

"Ushafukiza?"

"Nshafukiza, mama."

Nilijiona nimesimama baina ya watu wawili wanaovutana shuka, mama akitaka moshi ili mwanawe arudi, daktari akitaka hewa ili mwanangu mimi, ndivyo nilivyoanza kumwita nyoka, asife. Na wote wawili niliwafanyia kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa amejilaza kwenye baraza ya nyumbani akininong'oneza kwenye simu niongeze maji.

Kupona kwake hakukunionyesha alama yoyote ya shukrani. Jioni moja nilirudi kazini nikamkuta juu ya ufito, amejikunja sawasawa pande mbili, kichwa katikati, kama kwamba hakuna lililotokea. Siku chache baadaye ncha ya mkia wake ikaanza kutetemeka. Nikadhani ni kifafa. Nilipotazama vizuri, mkia ulicheza kama funza mdogo chini ya kichwa, na kichwa kilikuwa kimetulia juu yake, kinalenga. Alikuwa akivua kwa mkia, kama mvuvi na chambo. Alikuwa na njaa. Nikamyeyushia panya, nikamsogezea kwa koleo, akamnyakua kwa kasi iliyoniangusha kitako. Nilikaa pale sakafuni nikalia, na sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa nimemtunza. Sasa mwenyewe aje amkute.

Ilikuwa Alkhamisi. Nikampigia mdogo wangu kwa video. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki ndani kwa mama, amenenepa, amenyoa vizuri. Nikageuza simu kwenye kioo.

"Umemuona? Amekula. Amepona kabisa."

"MashaAllah," akasema. Akatazama. Alitazama kwa muda mrefu, nami nikangoja aseme tarehe, aseme viza, aseme lolote. Akainamisha kichwa, akapunguza sauti.

"Dada, mtafutie mtu."

"Mtu wa nini?"

"Wa kumchukua. Mimi sirudi huko. Nimepata kazi hapa, kwenye hoteli, nimeshaanza. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

Nyuma yake mlango ukafunguliwa. Mama akaingia na chetezo mkononi, cha udongo, makaa yanawaka. Akamzunguka taratibu, akamfukiza mabega, akamfukiza mgongo, midomo inamcheza kwa dua. Moshi ukapanda mpaka uso wake ukafifia kwenye skrini. Alikohoa, akaufukuza kwa mkono, na mama akaendelea.

"Mama anajua kama hurudi?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa kukataa, akanong'ona. "Mwambie wewe, dada. Wewe anakusikiliza."

Mama akasikia sauti yangu, akainama kwenye simu. Uso wake ulijaa skrini karibu yote, umeng'aa kwa joto la makaa.

"Mwanangu, ushafukiza?"

Nilimtazama yeye, nikamtazama yule nyuma yake aliyekuwa akitazama miguu yake. Nilichoka. Nilichoka na vipimo, na mikanda, na kusema nshafukiza.

"Sijafukiza, mama. Nimeacha zamani."

"Umeacha? Sasa huyu atarudi vipi?"

"Muulize," nikasema. "Huyo hapo nyuma yako. Muulize mwenyewe."

Nikakata simu. Nikabaki nimesimama mle chumbani, taa ya joto inawaka, nyoka juu ya ufito ametuna tumbo katikati. Nikachukua chupa nikamnyunyizia, maana jioni ilikuwa imeshaingia na maji yake yalikuwa bado.