Namba Sita Aliyecheza Kushoto

Mtu akiingia kwenye kibanda changu cha kunyoa akaniambia mpwa wangu ni beki, namwambia ateremke kwenye kiti. Simalizii hata upande wa pili. Aende hivyo hivyo na nusu kichwa, akawaulize wanaojua mpira. Watu hucheka wakidhani natania. Kuna bwana mmoja nilimfanyia kweli. Alirudi baadaye ameinamisha kichwa, kofia mkononi, akasema, "Haya, kinyozi, ni kiungo. Nimalizie basi."

Ni kiungo. Kiungo mkabaji, namba sita, yule anayesimama mbele ya mabeki na kuishika timu nzima isimeguke. Nimemwona akicheza tangu hajaota meno ya mbele mara ya pili. Siri yake ni shingo. Kabla mpira haujamfikia ameshageuza kulia, ameshageuza kushoto, anajua nani yuko wapi, kwa hiyo mpira ukimtua mguuni yeye ameshaamua zamani. Hakimbii ovyo wala hapigi kelele. Mpinzani anafika na hasira zake, anakuta mpira umeshaondoka. Na bado ana miaka kumi na tisa tu! Nilisema, na nasema hadi leo: mtoto huyu akiachwa pale pale misimu miwili, atacheza timu yoyote anayoitaka.

Tatizo ni hilo neno, akiachwa.

Kocha wa timu yetu ya mtaa, tunayemwita Mwalimu, ni fundi bomba. Mtu mwema, simsemi vibaya, ingawa kuna siku nimetamani kumnyoa bila maji. Halipwi na mtu. Jezi anafua mkewe. Wachezaji wenyewe wiki hii wanafika kumi na mmoja, wiki ijayo tisa na mlinzi wa geti. Sasa yeye palipovuja anamtia mpwa wangu. Winga kaumia? Mpwa wangu. Beki wa kulia yuko zamu? Mpwa wangu. Siku moja alisimama golini, akadaka vizuri, na hilo ndilo lililozidi kumponza. Wakampachika jina la Kiraka, likamganda hadi mama yake akajisahau siku moja akamwita hivyo wakati wa kula. "Mechi hii tu," Mwalimu alikuwa akimwambia kila wiki, na kijana anajibu, "Sawa, Mwalimu."

Sijawahi kumsikia akisema hapana. Mama yake ni dada yangu mkubwa, anafua mashuka hospitalini, kwenye zile mashine kubwa kule nyuma. Alibaki na watoto peke yake, na huyu wa kwanza ndiye aliyeziba kila pengo la nyumba. Wadogo zake wakilia, yeye. Maji yakikatika, yeye. Jirani akihama, yeye yuko chini ya kabati. "Mwanangu hana makuu," dada anapenda kujisifu. Kweli hana. Laiti angekuwa nayo, japo ya kuombea chumvi!

Basi zikaja habari kwamba wageni wawili wa timu ya ligi kuu watakuja kutazama mechi yetu. Kiungo wao mkabaji anazeeka, wanatafuta kijana wa nafasi hiyo hiyo, na mtu fulani amewasifia namba sita wetu, bila kuwatajia jina. Mwalimu akaja kibandani na spana mfukoni, akakaa kwenye kiti, akaapa mbele ya wateja wangu wote: "Jumamosi anacheza sita. Hata nikikosa kipa, anacheza sita." Nikamnyoa bure, nikampaka na poda.

Dada naye alikuwa na yake. Kule kufulia kulikuwa na nafasi, na msimamizi alitaka jibu. "Nimemwomba asubiri Jumamosi ipite," aliniambia. "Wakimchukua, namshukuru Mungu. Wasipomchukua, namtia kazini, mpira basi. Siwezi kumlea mtu mzima kwa matumaini." Na dada yangu akisema basi, ni basi kweli.

Jumamosi roho ilikuwa juu juu tangu asubuhi, nikamkata mteja sikio. Nikafunga kibanda nikaenda uwanjani, nikasimama nyuma ya kamba, karibu na benchi letu.

Beki wa kushoto hakutokea. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate; mashine ya kukanda imeharibika, bosi kawazuia wote. Ujumbe uliingia vijana wakiwa wanafunga kamba za viatu. Mwalimu akawatazama mmoja mmoja, na naapa, mpwa wangu alimruka makusudi. Akamgeukia Ngongoti, kijana mrefu wa akiba ambaye anajua jambo moja tu, kusimama katikati na kuubutua mpira mbali. Ngongoti akasema kushoto hajui. Hajui kweli, hakuna wa kumlaumu. 

Na hapo, jamani, kwa mdomo wake mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu: "Nitasimama mimi kushoto, Mwalimu. Ngongoti akae sita."

"Wewe!" nikapaza sauti. "Wewe una wazimu?"

Hakunitazama. Mwalimu akamuuliza, "Una hakika?" kwa ile sauti ya mtu anayeomba aambiwe ndiyo.

"Mechi hii tu," akasema kijana.

Lo! Sasa analisema mwenyewe!

Alicheza vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Winga wao alikuwa na mbio za ajabu, mpwa wangu akamtia mfukoni hadi yule bwana akaanza kugombana na wenzake. Lakini wageni walikaa upande wa pili wa uwanja, macho yao yako katikati. Katikati Ngongoti anabutua, na sisi tunashangilia. Nikamtazama mpwa wangu kule pembeni, amebanwa na mstari wa chaki, bado anageuza shingo kulia, anageuza kushoto, na mpira hauji. Huko kushoto kwenyewe kulikuwa na nini cha kutazama, zaidi ya watu na baiskeli zao? Machozi yakanilenga, mwanamume mzima na kipara changu. Ningefanya nini? Niingie uwanjani nimshike mkono nimpeleke katikati?

Tukashinda moja bila. Filimbi ya mwisho ilipolia niliruka kamba nikawakimbilia wageni kabla hawajafika kwenye gari.

"Yule beki wa kushoto," nikasema huku nahema, "si beki. Ni kiungo. Ndiye mliyemfuata!"

Mmoja wao akatabasamu, kwa upole kabisa. "Mzee wangu, kila uwanja tunaokwenda, kuna mjomba."

"Lakini mimi ni mjomba wake kweli!"

"Na wao pia."

Hata hivyo alikuwa muungwana, akamwita kijana. Akamuuliza, "Wewe nafasi yako hasa ni ipi?"

Nikamtolea macho. Nikamwonyesha vidole sita nyuma ya mgongo wa mgeni. Yeye akamtupia jicho Mwalimu, aliyekuwa ameinama anakusanya jezi, akajibu, "Popote ninapohitajika."

"Vizuri. Nidhamu unayo," akasema mgeni. "Lakini kushoto tumejaa." Akampa mkono, wakaingia garini. Ngongoti hata jina hawakumuuliza.

Njiani nilishindwa kujizuia. "Kwa nini? Niambie tu kwa nini."

"Nani angesimama pale, Mjomba? Ulitaka tufungwe?"

"Ndiyo!" nikafoka. "Nilitaka mfungwe kumi!"

Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Mama asijue. Atakwenda kumfokea Mwalimu mbele ya watoto wake. Niahidi."

Nikaguna. Akauchukua ule mguno kuwa ahadi.

Dada alikuwa ametoka zamu, amekaa na miguu kwenye beseni la maji ya moto. Akatutazama nyuso zetu, hakuhitaji kuuliza sana. "Hawakukuchukua."

"Hapana, mama."

"Walikupanga pale pako? Katikati?"

"Nilicheza pale pangu, mama."

Nikafungua mdomo. Akanitazama, macho yamejaa ombi, na mimi ninayejulikana mtaa mzima kwa kidomodomo, nikaufunga.

Dada akatoa mguu mmoja, akaufuta, akatoa wa pili. Alipozungumza hakuwa na hasira hata chembe. Heri angekuwa nayo. "Basi, baba. Wangekupanga pengine, ningesema hawakukuona. Lakini wamekuona pale pako, na bado hawakukutaka. Tusidanganyane tena. Jumatatu tunatoka wote asubuhi, nikupeleke kwa msimamizi."

"Sawa, mama," akasema. Akainama, akalibeba beseni, akaenda kumwaga maji.