Nywele za Steringi

Juzi kwenye simu nilimwona akihojiwa mzee aliyewahi kuigiza mapigano badala ya mastaa wa filamu za zamani za Wamarekani weusi. Nikakumbuka banda la video la Maisaka nilikokwenda utotoni, harufu ya petroli ya jenereta, na steringi wa kike mwenye afro kubwa akiwapiga majambazi mateke. Siku hiyo niliondoka nikiamini nguvu zake zimo kwenye nywele. Nyumbani nilimkuta mama ameshika wembe, maana kesho yake shule ilikuwa inafunguliwa.

“Mama, steringi hanyolewi!”

“Steringi wa darasa la tatu, inamisha kichwa.”

Nililia kama askari aliyenyang'anywa bunduki.

Mateke yale ya steringi, alisema yule mzee wa kwenye simu, aliyapiga yeye, kavaa wigi la afro. Ili likae vizuri, kila asubuhi alinyoa kipara.