Jina Lililokuja na Kijiko

Asubuhi nikifika sokoni Mwigobero, Musoma, na dagaa wangu, kabla sijatandika turubai, huwa napita pale akina mama wanapouza uji wa ulezi. Ukianza kushika chini ya sufuria, ile harufu yake ya kuungua kidogo inanirudisha kwetu Nyasura, Bunda, mwaka ule sukari ilipokuwa ya foleni na sabuni ya kubahatisha. Nakuwa tena msichana wa darasa la sita, na nimembeba mdogo wangu Neema anayelia.

Baba aliangukiwa na marobota ya pamba. Mama akamfuata kwa homa kabla matanga hayajapoa. Tukabaki watatu: mimi Raheli, mkubwa, Elia, wa katikati, na Neema, ambaye alikuwa hajaanza kutembea. Kabla ya kufa, mama alinishika mkono akasema, "Wasiwagawe." Shule niliiacha pale pale, na neno hilo nimelishika hadi leo.

Majirani walinong'ona kwamba vifo viwili vya kufuatana haviji vyenyewe, kuna mkono wa mtu. Sikuambiwa ni wa nani, kwa hiyo nikaitazama mikono ya wote. Shangazi, dada wa baba, alipokuja kutoka Butiama na unga wa ulezi na kuku, niliunusa unga ule mpaka nikapiga chafya. Alipopika, nilionja mimi kwanza, kisha nikawazuia wenzangu wasile mpaka nihakikishe sifi. Elia aliniuliza, "Sasa ukifa, chakula chako nani anakula?"

Neema alikuwaga analia mchana kutwa. Kwa shangazi, maana ilikuwa wazi: mtoto analilia jina. Kwao mtoto akilia hivyo, hutajiwa majina ya wazee waliokufa, moja baada ya jingine, na jina atakalonyamazia ndilo lake, kisha huvishwa bangili ya mwenye jina. Ila anayechukua jina la bibi huwa wa nyumba ya bibi. Neema angeenda Butiama.

Mwinjilisti wetu alisikia akaja mbio. Alisema mtoto amebatizwa, jina analo, na kumvisha bangili ya wafu ni kumrudisha gizani. Mkewe alileta maboksi ya nguo za msaada zilizonuka dawa ya nondo. Nikaanza kumshukuru mama yule kimoyomoyo, mpaka niliposikia kwamba kuna kituo cha watoto Musoma, na kwamba nafasi ya Neema wameshaiomba. Mmoja anavutia Butiama, mwingine Musoma. Nikawashuku wote sawasawa.

Jumamosi wakakutana uani kwetu, baada ya watu kutoka shamba. Shangazi alikaa mkekani akampakata Neema, bakuli la uji pembeni, kijiko mkononi.

"Nyamburi?" Neema akalia. "Wegesa?" Akazidi. "Nyangeta?"

Nyangeta lilikuwa jina la bibi, mama yao shangazi na baba. Hapo hapo kijiko kikaingia mdomoni, na mtoto akanyamaza.

Vigelegele! Shangazi alilia machozi ya kweli. "Mama yangu! Umerudi, mama!" Akafungua pindo la kanga akatoa bangili ya shaba.

"Shangazi, umemlisha," nikasema.

"Nimefanya nini?"

"Kwenye Nyamburi hukumlisha. Kwenye Wegesa hukumlisha. Kijiko umekiweka Nyangeta."

Baba mdogo, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, akasema, "Huyu mtoto ana macho ya askari wa magendo. Ficheni sukari yenu."

Mwinjilisti akafurahi kupita kiasi. "Mmeona wenyewe uongo wa Shetani!" Akamchukua Neema, akamwekea mkono kichwani, akakemea kwa sauti ya kufika barabara kuu. Mtoto akapiga yowe. Mkewe akainama kama anayemfuta kamasi, na Neema akanyamaza ghafla.

"Haleluya!"

"Na wewe mama," nikasema, "hiyo ni sukari guru."

Elia alicheka mpaka akafukuzwa. Mimi nilimchukua mdogo wangu, nikachukua bakuli, nikamlisha bila kutaja jina lolote mpaka bakuli likaisha. Akalala. Nikasema, "Alikuwa na njaa. Anaitwa Neema. Haendi Butiama na haendi Musoma."

Nilingoja kofi. Shangazi aliirudisha bangili kwenye pindo la kanga akaniangalia sana. "Kama yeye hatoki, na mimi sitoki," akasema. Akakaa nasi mpaka Elia alipoota ndevu.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba siku ile shangazi aliona marehemu, mwinjilisti akaona pepo, mimi peke yangu nikaona kilichokuwepo. Maduka yalikuwa yameshajaa bidhaa, mitumba imezagaa hadi Bunda, shangazi naye keshakuwa mzee, ndipo aliponieleza siku moja tukichambua dagaa: "Mtoto mwenye jina la mama wa ukoo hagawiwi kwa mtu, wala haozwi kwa nguvu. Wewe ulidhani namtaka wa nini?"

Nilikuwa nimekiona kijiko, na aliyekishika sikumwona. Macho yangu nayo yalikuwa yamefundishwa na ule mnong'ono wa majirani. Hata hivyo, nilichokisimamia siku ile nakisimamia mpaka leo: Neema alikuwa wa Mungu kabla hajawa wa ukoo wala wa kituo, na Mungu hakuhitaji kumshindisha njaa ili ampate. Hiyo ndiyo imani yangu, na niliipata uani kabla sijaielewa kanisani.

Neema alipojifungua binti, alimpeleka kanisani abatizwe Nyangeta, na mkononi akamvisha ile bangili ya shaba aliyoachiwa na shangazi. Wazee wa kanisa walinong'onezana. Mimi nilisimama karibu, nikaitazama mikono yote kama kawaida yangu. Maji yalipomgusa, mtoto akaangua kilio, na waumini wakageukiana kutafuta maana.

Nikamwinamia mdogo wangu. "Amenyonya?"