Koo la Mbuzi Lililooshwa

Bado nina hasira na yule mchinjaji wa Kibabi, na zaidi ninajikasirikia mwenyewe.

Mdogo wangu alikuwa akichimba kwenye mashimo ya madini ya upande wa Bihambwe na kukohoa kutwa nzima. PDG, ndivyo tunavyomwita mwenye shimo, aliniahidi kwamba nikimwonyesha kwa macho yake kuwa vumbi linaharibu kifua, ataruhusu mwamba umwagiwe maji kabla ya kutobolewa. Mimi ninafundisha biolojia. Nilijua kwamba ndani ya koo la mbuzi, kama ndani ya letu, kuna vinywele vidogo mno vinavyosukuma uchafu kwenda juu. Nikachukua koo kwa mchinjaji, nikakata vipande, nikavilaza kwenye maji ya chumvi na sukari ndani ya sanduku la joto, vingine na vumbi la shimo, vingine bila. Kazi ilikuwa kuweka chembe ya makaa juu ya kipande, kuiangalia kwa hadubini na kupima kwa simu inatembea kasi gani.

Siku ya tatu PDG alikuja. Chembe kwenye kipande cha vumbi haikusogea. Nilifurahi kama mjinga. Akaomba kuona kipande kisicho na vumbi, ambacho sikuwa nimekipima, kosa ambalo kwalo ningemnyima mwanafunzi alama. Chembe yake nayo haikusogea.

"Mwalimu, hata mu maji safi inakufa. Sasa njo tukataze bantu kuoga?"

Akacheka mpaka mlangoni.

Nilimwendea mchinjaji kumuuliza alilifanyia nini koo lile.

"Niliosha na maji ya moto, Mama," alisema. "Siwezi kukupa kitu ya damu damu. Uko muntu wa masomo."

Heshima yake ilikuwa imeua kila kitu kabla sijashika kisu.

Nilirudia kwa koo bichi. Safari hii chembe ilitembea vizuri kwenye kipande safi, na kwenye vumbi ikasimama kabisa. PDG hakuja tena. Alinitumia salamu kwamba ana kazi nyingi, mshenzi yule.

Alikuja mdogo wangu, na buti zake zilizojaa udongo. Nikamwonyesha kipande cha vumbi. Aliinama kwenye hadubini, akaangalia, akakohoa kwa muda mrefu bila kuondoa jicho.

"Dada, iko inatembea," akasema kwa furaha. "Basi kifua yangu iko muzima."

Ilinibidi nimwambie kwamba ni kikohozi chake kinachotikisa meza.